Ghala Limejaa, Lakini Mtoto Hakui



Mwezi huu tunajibu swali moja ambalo akina mama wa parokia zetu hutuuliza mara kwa mara, hasa wakitoka kliniki kupima watoto. Mama husema hivi: "Nyumbani mahindi tunayo, maharage tunayo, viazi tunavyo. Mtoto anakula, anashiba. Mbona kliniki wananiambia amedumaa? Nimekosea wapi?"

Tunapenda kumjibu mama huyo kwa utaratibu, kwa sababu jibu lake haliko kwenye sufuria peke yake. Sehemu kubwa ya jibu iko ndani ya tumbo la mtoto, kwenye ukuta mwembamba ambao wengi wetu hatujawahi kuambiwa kwamba upo.

MIKOA YENYE CHAKULA, WATOTO WAFUPI

Sote tunajua kwamba Nyanda za Juu Kusini ni ghala la taifa. Mahindi ya Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe na Rukwa hulisha miji mingi. Mbarali na Kyela kuna mchele, Rungwe kuna ndizi na maziwa, Njombe kuna viazi na maparachichi. Mgeni akipita barabara kuu kutoka Mafinga hadi Tukuyu atasema huku hakuna njaa.

Lakini utafiti wa taifa wa afya uliofanywa mwaka 2022 ulionyesha jambo la kusikitisha. Katika nchi nzima, watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mkoani Iringa ni watoto 57 kati ya 100, idadi kubwa kuliko mikoa yote. Njombe na Rukwa ni kama 50 kati ya 100. Mbeya ni zaidi ya 30. Mikoa inayolisha wengine ndiyo yenye watoto wengi wasiofikia kimo chao.

Kudumaa maana yake ni kwamba mtoto ni mfupi kuliko umri wake unavyotaka. Mtoto aliyedumaa si lazima awe amekonda. Wengi wana mashavu mazuri na tumbo limejaa. Ndiyo sababu wazazi hawashtuki. Kumbe pamoja na mifupa, akili nayo inachelewa, kinga ya mwili inadhoofika, na hasara hiyo ikishapita miaka miwili ya mwanzo ni vigumu sana kuirudisha.

Wapo wanaosema, "Ukoo wetu ni wafupi tangu zamani." Jibu hili halitoshi. Kabla ya kutoa vipimo vipya vya ukuaji mwaka 2006, Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani ambao walinyonyeshwa vizuri na kutunzwa mahali safi. Watoto hao wa mataifa mbalimbali walikua karibu sawasawa. Basi katika miaka ya mwanzo, mazingira na malezi yana nguvu kuliko ukoo.

UKUTA WA TUMBO NI NINI?

Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa mita sita hivi. Ndani yake umefunikwa na vijidole vidogo vingi mno, laini kama manyoya ya taulo. Kazi ya vijidole hivyo ni kunyonya chakula kilichosagwa na kukipeleka katika damu.

Ajabu ni hii: ukuta unaotenganisha uchafu wa tumboni na damu yetu una unene wa chembe hai moja tu. Chembe hizo zimepangwa bega kwa bega kama matofali, na kati ya chembe na chembe kuna viungio vinavyoziba vizuri. Juu yake kuna ute unaozuia vijidudu visiusogelee ukuta. Nyuma yake wapo askari wa mwili, yaani chembe za kinga. Na kwa kuwa kazi ni nzito, chembe za ukuta huchakaa haraka. Mwili huzibadilisha zote kila baada ya siku tatu hadi tano.

Ukuta huu ni kama mlango wenye bawabu mwerevu. Chakula kinaruhusiwa kupita. Vijidudu na sumu vinazuiwa. Ukiwa mzima, mtoto hufaidika na kila kijiko anachokula. Ukiharibika, hasara huingia kwa njia mbili kwa pamoja.

Hasara ya kwanza: vijidole hufupika na kulala, kama majani yaliyokanyagwa na ng'ombe. Mahali pa kunyonyea chakula panapungua. Mtoto anakula, lakini sehemu ya chakula inapita tu.

Hasara ya pili ni mbaya zaidi. Viungio hulegea, na vipande vya vijidudu hupenya mpaka kwenye damu. Askari wa mwili wakiviona huamka kupigana. Mapigano hayo waganga huyaita mchochota. Tunaujua mchochota wa kidonda: ngozi huwa nyekundu, huvimba, huwa ya moto na kuuma. Lakini huu wa tumboni hauonekani. Mtoto hana homa, halii, hata choo chake chaweza kuwa cha kawaida. Ndani yake moto mdogo unawaka usiku na mchana, mwezi baada ya mwezi.

Sasa kila vita ina gharama. Chakula kilichokusudiwa kujenga mifupa na ubongo kinatumika kulisha askari. Tena mchochota huzuia mwili kutengeneza vichocheo vinavyoiamuru mifupa irefuke. Hata madini ya chuma hufungiwa yasitumike, na damu ya mtoto hupungua. Wataalamu wanautaja pia kuwa moja ya sababu za chanjo za matone ya mdomoni, kama ya polio na ya rota, kutoshika kwa nguvu ileile kwa watoto wa nchi maskini. Chanjo hizo bado zinaokoa maisha, wala mzazi asiache kumpeleka mtoto. Tunachosema ni kwamba ukuta mbovu unaharibu hata msaada unaotolewa.

Kwa hiyo, mama aliyetuuliza, ghala lako kweli limejaa. Lakini chakula cha mtoto kinavuja na kuungua kabla hakijafika kwenye mifupa.

HALI HII ILIJULIKANAJE?

Katika miaka ya 1960 madaktari waliwapima vijana wa Kimarekani waliokwenda kujitolea Pakistani ya Mashariki, nchi ambayo sasa ni Bangladesh. Baada ya kuishi huko, wengi wao walikutwa na vijidole vya utumbo vilivyofupika, na chakula hakikunyonywa vizuri. Waliporudi kwao, matumbo yao yalipona polepole. Jambo hili lilionyesha kwamba ugonjwa hautokani na kabila wala rangi. Unatokana na mazingira anayoishi mtu, na mazingira yakibadilika ukuta unaweza kupona.

Mwaka 1991 watafiti waliokuwa Gambia walitangaza jambo jingine. Waliwapa watoto wachanga maji yenye aina mbili za sukari, kisha wakapima mkojo. Sukari moja hupenya utumbo mzima kwa kawaida. Nyingine haipaswi kupita isipokuwa ukuta una nyufa. Waliona kwamba kadiri ukuta ulivyovuja, ndivyo mtoto alivyochelewa kukua. Uharibifu huo ulihusishwa na zaidi ya theluthi moja ya upungufu wa ukuaji wa watoto wale.

Hata jirani zetu wa Zambia, ambao Mbeya tumeunganishwa nao kwa reli ya TAZARA, wamelichunguza jambo hili. Katika mtaa wa Misisi mjini Lusaka, karibu watu wazima wote waliopimwa walikuwa na matumbo yenye dalili hizo, na hali yao ilibadilika kufuatana na majira ya mwaka. Basi si watoto tu. Wengi wetu tuliokulia kwenye uchafu huenda tunaishi na ukuta uliochakaa bila kujua.

NI NINI KINACHOBOMOA UKUTA HUU MAJUMBANI KWETU?

Kwanza, kinyesi kinachoingia mdomoni kidogo kidogo. Tunaposikia neno kinyesi tunafikiria choo. Lakini mtoto anayetambaa haendi chooni. Yeye yuko uani na jikoni. Mwaka 2013 watafiti wa Zimbabwe walichapisha taarifa baada ya kukaa vijijini na kuwatazama watoto wachanga kwa saa kadhaa. Waliona watoto wakila udongo, na wengine wakiokota kinyesi cha kuku na kukitia mdomoni. Tuwe wakweli: katika nyumba zetu nyingi kuku hulala jikoni kwa kuogopa wezi na baridi. Asubuhi tunafagia, tunamweka mtoto chini palepale. Hata asipoharisha, vijidudu hivyo vinauchokoza ukuta wake kila siku.

Pili, mahindi yenye ukungu. Kuvu wa mahindi hutoa sumu ambazo sasa zinaitwa sumukuvu. Zilizo maarufu ni aflatoksini na fumonisini. Fumonisini huanza kuingia mahindi yakiwa bado shambani, hasa punje zilizotobolewa na wadudu. Aflatoksini huongezeka zaidi mahindi yakihifadhiwa na unyevu. Katika majaribio ya maabara sumu hizi zimeonekana kuharibu chembe za ukuta wa utumbo na kulegeza viungio vyake.

Jambo hili limechunguzwa hapahapa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwafuatilia watoto 166 wa vijiji vya mikoa mitatu: Iringa, Tabora na Kilimanjaro. Watoto waliokutwa na fumonisini nyingi zaidi katika mkojo ndio waliokuwa wafupi zaidi miezi iliyofuata. Kabla ya hapo, mwaka 2010, utafiti wa Tarakea, wilayani Rombo, ulionyesha kwamba watoto wa mwaka mmoja waliokula fumonisini kupita kiasi walikuwa wafupi kwa sentimita 1.3 na wepesi kwa gramu 328 kuliko wenzao. Na tusisahau mwaka 2016, ambapo mahindi yenye aflatoksini nyingi huko Dodoma na Manyara yaliugua watu 68, na 20 kati yao wakafariki dunia. Sumu nyingi huua mara moja. Sumu kidogo ya kila siku haipigiwi kengele kanisani, lakini inamrudisha mtoto nyuma.

Tatu, uji uliolala na maji yasiyochemshwa. Msimu wa kulima mama hutoka alfajiri. Mtoto huachwa na bibi au na dada yake mdogo. Uji uliopikwa asubuhi hukaa kwenye bakuli wazi mpaka saa nane mchana, nao umejaa vijidudu. Mtoto anaharisha, anapona, anaharisha tena. Ukuta unaojengwa upya kwa siku tano unabomolewa kabla haujakauka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa unafunguliwa kila wiki.

Nne, chakula cha aina moja. Chembe za ukuta zinahitaji protini, vitamini A na madini ya zinki ili zijijenge. Uji mweupe wa sembe peke yake hauna vitu hivyo vya kutosha. Mara ngapi tunaona kuku anataga, yai linauzwa gulioni, na mtoto anabaki na uji mweupe?

Tano, pombe na vidonge. Pombe hulegeza viungio vya ukuta. Msimu wa ulanzi tumesikia wazazi wakimwonjesha mtoto "kidogo tu ili alale". Hicho kidogo ni sumu kwa tumbo changa. Mama mjamzito naye asinywe ulanzi, komoni wala pombe yoyote. Kwa watu wazima, vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni vikimezwa kila siku bila ushauri huchubua tumbo na utumbo. Wakulima wengi wanaoumwa mgongo huvinunua dukani kama pipi. Tunaomba waache.

Sita, virusi vya UKIMWI. Katika utafiti wa taifa wa mwaka 2016 na 2017, Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo iliyokuwa mikoa yenye maambukizi makubwa kuliko yote: asilimia 11.4, 11.3 na 9.3. Virusi hivi hushambulia mapema askari walioko nyuma ya ukuta wa utumbo, na mchochota unaotokea huharakisha ugonjwa. Dawa za kupunguza makali zikianzwa mapema na kumezwa bila kukosa hutuliza moto huo kwa kiasi kikubwa. Hii ni sababu nyingine ya kupima na kutoacha dawa.

JE, IPO DAWA YA KUZIBA UKUTA?

Swali hili lilijaribiwa hapa kwetu Tanzania. Huko Haydom, mkoani Manyara, zaidi ya watoto 1,000 walishirikishwa katika jaribio ambalo majibu yake yalitolewa mwaka 2021. Wengine walipewa dawa za kuua vijidudu vya tumbo, wengine vitamini B3, wengine dawa za mfano tu. Walipofikisha miezi 18, waliopewa dawa hawakuwa warefu kuliko wenzao. Kwa hiyo kumpa mtoto dawa za kuua vijidudu mara kwa mara "ili kusafisha tumbo" hakuongezi kimo, na kunawafanya vijidudu wazoee dawa.

Je, vyoo na sabuni? Majaribio makubwa yalifanyika magharibi mwa Kenya, katika Kakamega, Bungoma na Vihiga, na pia Zimbabwe. Majibu yalitoka mwaka 2018 na 2019. Familia zilipewa vyoo bora, vifaa vya kunawia mikono na dawa ya maji. Wengi walishangaa kuona urefu wa watoto haukuongezeka kwa sababu ya vitu hivyo. Watoto waliopewa nyongeza ya lishe, pamoja na mama zao kufundishwa ulishaji, ndio walioongezeka kidogo.

Je, maana yake tuache kunawa na tubomoe vyoo? Hasha! Choo na sabuni huzuia kipindupindu, homa ya matumbo na minyoo. Maana yake ni kwamba nusu ya usafi haitoshi. Choo kikiwa kizuri huku kuku wanalala jikoni, njia ya uchafu bado iko wazi. Mikono ikiwa safi huku mahindi yana ukungu, sumu bado inaingia. Na tumbo likilindwa bila kupewa yai na maharage, ukuta hauna matofali ya kujijengea. Lazima mambo haya yaende pamoja, tena yaanze mama akiwa na mimba.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunalo la kujivunia. Kuanzia mwaka 1983 ulifanyika mpango wa lishe wa Iringa, ulioungwa mkono na UNICEF na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za serikali ya Italia. Wakati ule Njombe ilikuwa bado sehemu ya Iringa. Katika vijiji 168, watoto walipimwa uzito hadharani kila baada ya miezi mitatu, na kamati ya kijiji ilikaa kujiuliza: tatizo ni nini, chanzo chake ni nini, tutafanya nini kwa uwezo wetu? Kati ya mwaka 1984 na 1988, watoto wenye uzito pungufu walishuka kutoka kama 56 katika kila 100 hadi 38 hivi. Wenye uzito pungufu sana walishuka kutoka 6 hivi hadi chini ya 2. Wazee walioshiriki bado tunao. Kilichowezekana kwa uzito wakati ule, tukijaribu kwa kimo leo kwa elimu tuliyo nayo sasa.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

1. Mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita, bila maji wala uji. Maziwa ya mama yana vitu vinavyokomaza ukuta wa tumbo na kulisha vijidudu vyema. Baada ya hapo aendelee kunyonya pamoja na chakula mpaka miaka miwili au zaidi.

2. Kuku wawe na banda lao, hata la mianzi. Mtoto anayetambaa atengewe mahali pake: mkeka safi au turubai, na uzio mdogo wa fito. Kazi hii ni ya baba, haihitaji fedha nyingi.

3. Kinyesi cha mtoto kitupwe chooni. Si kweli kwamba kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara. Tunawe kwa sabuni baada ya kumsafisha na kabla ya kumlisha.

4. Mahindi yavunwe yakikomaa, yaanikwe juu ya turubai au kichanja, yasiguse udongo. Huku kwenye baridi yanachelewa kukauka, basi tusikimbilie kuyafungia. Chota punje kiasi, tia kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, subiri robo saa: chumvi ikishikamana na chupa, mahindi bado mabichi. Yahifadhiwe katika mifuko isiyopitisha hewa au kihenge kizuri, juu ya mbao.

5. Kabla ya kusaga, chambua. Toa punje zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na zilizovunjika. Usimpe mtu yeyote pumba za punje hizo. Kuchemsha hakuondoi sumukuvu. Dona ni nzuri kama mahindi ni safi. Lakini mahindi yakitiliwa shaka, kukoboa hupunguza sumu kwa sababu nyingi imo katika ganda. Huko Rombo, familia zilizofundishwa kuchambua, kuanika vizuri na kukoboa zilipunguza sumu katika chakula cha watoto, na uzito wa watoto ukawa bora, kama ilivyotangazwa mwaka 2018.

6. Uji wa mtoto usiwe wa mahindi peke yake. Changanya na ulezi, ongeza karanga safi zilizochambuliwa, maziwa, dagaa waliosagwa au parachichi. Yai moja mtoto alile kabla ya mengine kwenda gulioni.

7. Turudie togwa. Bibi zetu walijua kuchachusha uji kwa kimea cha ulezi. Uchachu huzuia vijidudu vya kuharisha visizaliane. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997, uliofanywa kwa watoto wa Tanzania waliokuwa wakiharisha, ulionyesha kwamba uji wa namna hii ulisaidia ukuta wa utumbo kupona mapema zaidi. Togwa la mtoto lipikwe kwanza, liwe safi, na lisiachwe likageuka pombe.

8. Mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti (ORS), na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 kama utakavyoelekezwa, hata akishapona. Zinki husaidia kujenga ukuta upya. Usimnyime chakula. Akipona, aongezewe mlo mmoja kila siku kwa muda wa wiki mbili.

9. Mpeleke hospitali au zahanati upesi akiharisha damu, akiharisha zaidi ya siku 14, akishindwa kunywa au kunyonya, macho yakididimia, au miguu ikivimba. Hapo usingoje mpaka Jumatatu.

TUSIDANGANYIKE

Siku hizi wapo watu wanaopita na vipaza sauti kwenye magulio na ndani ya mabasi wakiuza dawa za "kutoa sumu tumboni" na "kuziba utumbo unaovuja". Wanadai zinatibu kisukari, presha, viungo na utasa kwa chupa moja. Ni kweli kwamba wataalamu wanachunguza uhusiano kati ya ukuta wa tumbo na magonjwa mengi ya watu wazima. Lakini dawa ya chupa moja ya kuziba ukuta huo haijapatikana. Nyingi kati ya hizo ni dawa za kuharisha tu, nazo zinaongeza kuumiza ukuta. Fedha ya chupa hiyo ingenunua trei ya mayai.

NENO LA MWISHO

Tunarudi kwa mama aliyeuliza, "Nimekosea wapi?" Mama, hukukosea peke yako, wala hili si kosa la kumtwika mama peke yake. Yeye ndiye anayelima, anayechota maji, anayetafuta kuni, na bado anaulizwa kwa nini uji umelala. Baba ajenge banda na kichanja, na aache mayai mawili matatu nyumbani. Bibi asimamie togwa na ulishaji. Wakubwa wa shamba wampunguzie kazi mama mwenye mimba na anayenyonyesha, maana ukuta wa mtoto huanza kujengwa tumboni mwa mama yake.

Tunaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo zichukue jambo hili baada ya sala ya wiki. Kila jumuiya ihesabu nyumba zenye watoto chini ya miaka miwili. Iulize mambo matatu tu: kuku wanalala wapi? Mahindi yanachambuliwa? Mtoto amekula nini jana zaidi ya uji? Palipo na mjane au mgonjwa asiyeweza kujenga banda, vijana wa jumuiya wakamjengee Jumamosi. Akina mama wa WAWATA wanaojua kutengeneza kimea wawafundishe mabinti.

Tukifanya hivyo kwa uaminifu, hatutaona matokeo kesho. Mtoto hakui kama uyoga. Lakini baada ya miaka miwili, kwenye ubao wa kupimia urefu pale kliniki, tutaona.